Aliyehesabu Vilivyofika

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani, na sikuwahi kumwuliza. Nilipofika katika shule ile ya Uvira kufundisha jeografia, alikuwa tayari ameketi nyuma ya meza yake karibu na dirisha, na nilipohama baada ya miaka kumi na minne nilimwacha pale pale. Watu wote walimwita Sekretere. Hata binti yake, akimletea chakula saa sita mchana, aliuliza mlangoni kama Sekretere yupo. Yeye naye hakutuita walimu kwa majina. Alituita kwa masomo yetu: Hesabu, Kifaransa, Dini. Mimi nilikuwa Jeografia tangu siku ya kwanza, na kwake sikuwahi kuwa kitu kingine.

Majina ya wanafunzi, hayo aliyajua yote. Padri mmoja alipohamishwa alituachia ordinateri, yaani kompyuta, yake ya mezani pamoja na mashine ya kupiga picha za karatasi, na Sekretere akaanza kuingiza humo karatasi za kila mtoto, moja moja: buleteni za alama za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo ya uso. Kila mtoto alikuwa na faili lake. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya mwaka, kwa sababu umeme wa Uvira huja unapotaka, na kwa sababu buleteni iliyokaa imepinda kidogo kwenye picha aliirudia. Tulimcheka. Mwalimu wa Kifaransa alisema Sekretere anazipiga pasi karatasi kabla ya kuzipiga picha, na siku moja tulikuta kwamba ni kweli, alikuwa na pasi ya makaa chini ya meza.

Mafaili hayo aliyapanga kwa majina ya ubatizo. Prefe, yaani mkuu wa shule, alitaka yapangwe kwa jina la ukoo kama ofisi za serikali zinavyofanya, na walibishana muhula mzima. Sekretere alishikilia kwamba mama akitoka Runingu au Sange kutafuta karatasi za mtoto wake, mbele ya meza atasema Zita, hatasema lile jina refu la kwenye kitambulisho. Mwishowe Prefe alichoka, na hiyo ndiyo njia ambayo watu wengi walishindwa na Sekretere. Kwa mpango huo faili la kwanza lilikuwa la Abeli, na la mwisho, la mia sita na arobaini, lilikuwa la Zita.

Zita huyo alikuwa binti wa Runingu. Baba yake alilima mpunga, na yeye alikaa kwa shangazi yake mtaa wa Mulongwe ili asome. Alikuwa na alama nzuri, hasa katika biolojia, na kila aliyemwuliza alimjibu kwamba atakuwa muuguzi. Akipita dirishani Sekretere alimtania kwamba yeye ndiye anayemfungia kazi, bila yeye Sekretere asingejua saa ya kwenda nyumbani. Msichana alicheka kwa adabu. Nadhani hakuelewa maana yake mpaka alipoingia ofisini Ijumaa moja akaona mwenyewe.

Maana kila Ijumaa saa nane mchana, umeme ukiwapo, Sekretere alinakili mafaili yote kwenda kwenye flashi. Hakuyakokota kwa mkono kama sisi wengine. Alikuwa ameandika amri zake mwenyewe, mstari chini ya mstari, katika faili dogo aliloliita NAKILI. Akilibonyeza, dirisha jeusi lilifunguka, na ndani yake maandishi meupe yakaanza kushuka: 1 kati ya 640, Abeli. 2 kati ya 640, Adela. Aliyasoma kwa sauti ya chini, kama anayeita watoto darasani asubuhi, mpaka 640 kati ya 640, Zita. Ndipo alipovaa koti.

Mwanzoni amri zile hazikusema chochote. Dirisha lilikuwa jeusi tupu, na alama moja nyeupe ilipepesa kwenye kona mpaka kazi iishe. Prefe aliingia ofisini mara moja wakati Sekretere ametoka, akaona giza lile, akadhani mashine imekufa, akaichomoa ukutani ili kuifufua. Nakala za wiki ile zikaharibika. Sekretere hakumlaumu Prefe. Aliilaumu mashine kwa kukaa kimya, akajifungia siku mbili, na alipotoka mashine ilikuwa inaonyesha asilimia.

Asilimia nazo zilileta shida yake. Mlinzi wa shule aliambiwa akae karibu na mashine, na kazi ikiisha aichomoe flashi aifungie kabatini. Aliangalia mpaka ikaandika hamsini na mbili, akaichomoa. Kwetu kila mtu anajua kwamba mtoto aliyepata hamsini amepita, na mlinzi alikuwa na watoto sita shuleni, kwa hiyo alifurahi kabisa kwamba mashine imepita, tena na mbili za ziada. Sekretere aliposikia maelezo hayo alisema mlinzi hakukosea. Akaondoa asilimia, akaweka namba na majina. Nilipomwuliza kwa nini asimfundishe mlinzi tu, alisema mlinzi atakuja kubadilishwa.

Hodari wa mambo hayo kule Bukavu walimwambia kwamba kuonyesha jina la kila faili kunachelewesha kazi. Alijua. Lakini kilichochelewesha zaidi kilikuwa kitu kingine, mstari mmoja katikati ya amri zake. Mstari huo, baada ya kila faili kunakiliwa, ulirudi ukalifungua lile jipya ndani ya flashi na kulilinganisha na la zamani, alama kwa alama. Yakiwa sawa, ndipo namba ilipoongezeka. Yasipokuwa sawa, namba ilisimama na mashine ikapiga kengele. Kunakili peke yake kungechukua dakika arobaini. Pamoja na kulinganisha, kazi ilizidi saa mbili na nusu.

"Minye sihesabu vyenye vimetoka," aliniambia. "Minahesabu vyenye vimefika."

Aliyasema hayo bila kuinua macho, wakati ananifundisha. Ndiyo, alinifundisha. Mwaka mmoja nilikuwa na vipindi vichache, na Prefe alitaka mtu wa pili ajue kazi ile. Sekretere alinawa mikono, akasubiri nami ninawe, kwa maana hakuna aliyegusa vitufe vya mashine ile na mikono iliyokula samaki wadogo wa ndagala, kisha akanionyesha amri moja baada ya nyingine. Zilikuwa chache kuliko nilivyodhani. Kilichojaza ukurasa kilikuwa maelezo yake, na kila mstari wa maelezo ulianza na herufi tatu, REM. Ukiandika REM mwanzoni mwa mstari, alisema, mashine inaupita bila kuusoma, na mtu anabaki nao. Aliandika humo kila kitu: kwa nini asilimia ziliondolewa, mlinzi alisema nini, flashi ya zamani ilikufa mwezi gani. Mashine iliruka yote hayo kila Ijumaa ikaenda kwenye kazi yake.

Nje ya ofisi alikuwa vile vile. Kanisani, wimbo ukiwa mrefu, aliniinamia akaninong'oneza kwamba zimebaki beti mbili. Tukienda Sange kwa miguu kuzika au kuozesha, alitaja kila daraja tulilovuka na mangapi yamebaki. Hospitalini aliwasumbua wauguzi mpaka wakaanza kutaja namba za wanaongoja. Alisema mtu haumizwi na kungoja, anaumizwa na kutojua amefika wapi. Wengine walimwona mwenye kuchosha. Mimi nilimwona hivyo pia, lakini safari naye zilikuwa fupi kuliko na wengine, na sijui kwa nini.

Na mtu huyo huyo, mambo yake mwenyewe hukuyajua kamwe. Mke wake aliugua miezi minane bila sisi kusikia. Tuliona tu kwamba anaanza kuondoka saa sita badala ya saa kumi, na kwamba kazi yake imesogezwa mbele asubuhi ili isipungue. Jumatatu moja hakuja, na mchana tukaambiwa tuende kuzika. Nilimkasirikia. Nilimwambia pale pale matangani kwamba angetuambia tungesaidiana, na kwamba yeye anayetaka hata mashine iseme imefika wapi hana haki ya kutuficha hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ningeambiwa nini, kwamba hesabu ya siku zake inashuka? Kisha akaniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo alifunika ordinateri kwa kitenge cha marehemu, cha kijani chenye ndege.

Vita vilivyokuja Uvira wakati wangu ni vingi, na sina haja ya kuvitaja vyote. Mara nyingi tulikimbia siku tatu, tukarudi, tukafagia madarasa, tukaendelea. Mara hii ninayoisema haikuwa hivyo. Milio ilianza alfajiri upande wa milimani, na ilipofika saa nne asubuhi wenye bunduki walikuwa wanashuka na watu walikuwa wanaenda Kavimvira, mpakani, na mizigo kichwani. Prefe alipata lori. Mke wangu na watoto wangu walikuwa tayari juu yake. Mimi na Sekretere tulibaki ofisini kwa sababu ya mafaili, kwani ordinateri ilikuwa nzito na lori lilijaa, na flashi ya shule ilikuwa imekufa wiki mbili kabla.

Flashi mpya nilikuwa nimeinunua mimi, sokoni, kwa mchuuzi aliyezitandika juu ya gunia. Ilikuwa rahisi mno, na juu yake iliandikwa nafasi mara mbili ya tuliyohitaji. Sekretere aliigeuza mkononi, akauliza nilikoitoa.

"Jeografia, hii flashi ulitosha wapi?"

"Ku soko."

Aliichomeka, akabonyeza NAKILI, namba zikaanza kushuka kwa mwendo wake wa siku zote. 1 kati ya 640, Abeli. Kutoka nje dereva alipiga honi. Prefe alimwita Sekretere aende kumsaidia kufunga kabati la madaftari kwa mnyororo, naye akaniambia nikae nisome majina. Nikabaki peke yangu na mashine. Ilikuwa imefika kumi na tisa. Honi ikalia tena, na nikasikia mtoto wangu mdogo akilia juu ya lori, nikaijua sauti yake kati ya zote.

Nilisimamisha kazi. Nikafungua amri zake, nikatafuta ule mstari wa kulinganisha, nikaandika mbele yake REM. Herufi tatu na nafasi moja. Nikabonyeza upya. Mashine ikaupita mstari ule kama ilivyopita maelezo mengine yote, na majina yakaanza kukimbia.

Sekretere aliporudi tulikuwa tumeshapita Benjamini wote. Alisimama nyuma yangu.

"Leo inakimbia," alisema.

"Umeme iko na nguvu leo," nikamjibu.

Ni uongo wa kijinga, na nilipokuwa nausema nilijua kwamba hata mlinzi asingeukubali. Sekretere alivuta pumzi. Akatazama nje kwenye lori, akatazama mashine, akaketi. Akaanza kusoma majina kwa sauti ya chini, kwa haraka, mengine yakimpita. Lori lilitungoja nusu saa na zaidi, sijui kwa nini, nadhani Prefe alisimama mbele yake. 640 kati ya 640, Zita. Nikaichomoa flashi nikampa, naye akaifunga kwenye kile kitenge na kukitia ndani ya shati. Tukaondoka.

Waliolala katika shule yetu baada ya hapo waliichukua ordinateri, na madaftari ya kabatini waliyapikia. Hilo tulilisikia tukiwa Bujumbura, kwa watu waliotufuata. Kwa hiyo kilichobaki cha shule nzima kilikuwa ndani ya kitenge kile.

Bujumbura kulikuwa na shule ya Wakongomani iliyokubali kuwapokea watoto wetu wa mwaka wa sita na kuwaandikisha kwa mtihani wa serikali, mradi walete buleteni zao za miaka iliyopita. Baba yake Zita alivuka mpaka akatutafuta siku tatu. Alitupata siku ya mwisho ya kuandikisha, asubuhi, yeye na binti yake, viatu vyao vimejaa vumbi la Gatumba. Tukaenda wote wanne kwenye duka lenye ordinateri za kukodi. Sekretere alifungua flashi. Majina yote yalikuwepo, mia sita na arobaini, yamepangika vizuri. Akabonyeza la Zita. Ndani hamkuwa na kitu. Akabonyeza la juu yake, na la juu yake tena. Flashi ile ilikuwa ya kughushi: ilijitangaza kubwa, lakini ilipojaa iliendelea kupokea majina na kumwaga vilivyomo. Kuanzia herufi J kwenda chini karibu yote yalikuwa maganda.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilimwona anafungua lile faili la NAKILI, ambalo lilijinakili lenyewe kabla ya kuanza kumhesabu Abeli, na likasalimika. Alishuka nalo polepole mpaka katikati, akasimama kwenye ule mstari. REM yangu ilikuwepo. Hakugeuka kunitazama. Alifuta herufi tatu na nafasi moja, akahifadhi, akafunga. Kisha akaondoka kitini, akamgeukia baba yake Zita, akavua kofia.

"Kosa iko yangu, baba Zita. Iko yangu peke yangu."

Yule mzee wa Runingu hakupandisha sauti. Aliuliza tu sasa mtoto atafanya nini. Zita alikuwa anaangalia bado kile kioo, pale jina lake lilipokuwa, kana kwamba kitu kitatokea akingoja. Nami nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuufungua. Sikuufungua. Niliona aibu wakati ule, na ninaiona hata sasa ninapoandika, nayo haijapungua hata kidogo.

Zita hakuandikishwa. Mwaka uliofuata baba yake hakuwa na mavuno ya kumrudisha, na shule yetu haikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alifika mwaka wa sita. Mwaka wa pili aliolewa Sange.

Tuliporudi Uvira, Sekretere alianza upya. Alichukua daftari na begi la kitambaa, akawatafuta walimu wote waliopata kufundisha pale, kwa sababu kila mwalimu hubaki na daftari lake la alama nyumbani. Mmoja alikuwa Rurambo kwa wafugaji, na akapanda mlima kumfuata. Mwingine alikuwa amekufa, na mjane wake alikuwa amefungia chumvi kurasa za nyuma. Aliwatembelea wazazi mpaka Sange na Runingu, akaomba buleteni zilizokunjwa ndani ya Biblia na chini ya magodoro. Alizipiga pasi. Mtoto ambaye karatasi zake hazikupatikana alimwandikia karatasi ya kusema nini kilipotea, ili faili lake lisiwe tupu. Wazazi wengine walimtukana mlangoni kwa kuwapotezea watoto wao mwaka. Alikubali kwamba amewapotezea. Mimi nilimsaidia kuandika anwani na kumbebea maji njiani, na nilijitahidi sana kuwa mwema kwake, jambo ambalo ni rahisi kuliko lile lililotakiwa.

Faili la Zita lilikamilika katika mwaka wa tatu. Alimpelekea mwenyewe sokoni Sange, ambako alikuwa anauza mchele na mtoto mgongoni. Aliniambia kwamba Zita alipangusa mikono, akasoma alama zote mpaka za mwaka wa kwanza, akauliza kama ile sitini na nane ya biolojia haikuwa sabini na nane. Sekretere aliangalia daftari la mwalimu. Ilikuwa sabini na nane. Akarudi Uvira akaisahihisha, na juma lililofuata akaenda tena Sange na karatasi mpya.

Mwaka mmoja baadaye nilihamia Baraka. Kila nilipopita Uvira nilisema nitamwona, na kila mara gari lilikuwa na haraka.

Mara ya mwisho ilikuwa vita vimerudi tena. Nilikuja kumchukua mama mkwe wangu, na nilipofika mjini nilikuta barabara imejaa watu wa Sange na Runingu, na magodoro, na mbuzi. Mama mkwe alisema hatoki kabla ya kuanika na kukunja nguo zake. Nikaenda Kasenga, nyumbani kwa Sekretere.

Binti yake alikuwa amekaa barazani nyuma ya meza ya kutengeneza simu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Ndiyo kazi yake, na Kasenga yote humletea simu na ordinateri zao. Alinipeleka ndani. Mzee alikuwa amekonda, na macho yake yote mawili yalikuwa meupe katikati.

"Iko nani?"

"Iko minye, Sekretere. Jeografia."

"Keti. Sauti ninaisikia, sura ndiyo haifiki."

Mezani kulikuwa na ordinateri ndogo, imefunikwa kitenge cha kijani kilichopauka, waya wake ukienda kwenye bamba la jua juu ya bati. Alisema amesikia napita, na anataka nibebe nakala ya mafaili mpaka Baraka, kwani hapa hakuna ajuaye kesho. Flashi alikuwa nayo, nzuri, binti yake ameipima. Kulikuwa na tatizo dogo tu. Zamani mashine iliiita flashi E, na sasa inaiita F, kwa hiyo herufi moja ndani ya NAKILI inapaswa kubadilishwa.

"Fungua mule ndani, ubadilishe," alisema. "Minye sioni tena."

Nilinawa mikono. Nikafungua. Maelezo yake yalikuwa yameongezeka sana, nikayapita moja moja nikitafuta herufi ile. Katikati nikaufikia mstari wa kulinganisha. Juu yake palikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona:

REM Mstari unaofuata usiguswe. Uliguswa mara moja, na Sekretere, na watoto wakapoteza mwaka.

Niliusoma mara mbili. Barazani nilisikia binti yake akimwambia mteja kwamba simu iko tayari. Binti yule angeweza kubadilisha E kuwa F kwa kidole kimoja, bila kuondoa kioo jichoni. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameketi na mikono magotini, uso ameuelekeza kwangu, anangoja.

Nilibadilisha E kuwa F. Kisha nikarudi kwenye mstari ule, nikafuta neno moja, nikaandika lingine. Nikamsomea kwa sauti.

"Mstari unaofuata usiguswe. Uliguswa mara moja, na Jeografia, na watoto wakapoteza mwaka."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi."

"Basi iache ihesabu."

Namba zikaanza kushuka, kwa mwendo ule wa zamani. 1 kati ya 640, Abeli. Alitaka nimsomee majina yote, nami nikamsomea. Kwa baadhi yao alinisimamisha akasema mtoto yuko wapi sasa: huyu Goma, huyu Kigoma, huyu hayupo tena. Nje watu waliendelea kupita. Mama mkwe alinipigia simu kwamba nguo zimekunjwa, nikamwambia angoje. Alipiga tena, nikamwambia tumefika mia tatu na themanini. Saa mbili na nusu zilipita, na kidogo.

"640 kati ya 640," nilisema. "Zita."

"Imefika?"

Nilijua anachouliza. Nilifungua faili ndani ya flashi, nikahesabu karatasi zake zote, nikatafuta biolojia ya mwaka wa tano. Sabini na nane.

"Imefika."

Aliitikia kwa kichwa. Akapapasa kitenge mezani mpaka akaupata upindo wake, akaanza kukikunja. Aliniambia kwamba Zita ameingia mjini juzi na watoto wake kutoka Sange, na kwamba amelala paruasini, yaani parokiani, chumba cha nyuma, pamoja na wengine.

"Mbele ya kwenda Baraka, pita pale," alisema. "Baba yake alikufa. Lakini yeye iko."

Nilichomoa flashi nikaitia mfukoni mwa shati. Barazani binti yake aliinua kichwa, akaniuliza kama ile herufi imenisumbua. Nikamwambia imenisumbua sana, nikashuka barabarani kuelekea paruasini.